UZI: Vitamini kabla ya kifaranga kuanguliwa na mifupa ya broila: kipi kinasaidia, kipi ni kupoteza hela

Mtotoleshaji wa Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwenye magrupu ya wafugaji kuna jambo linazungumzwa nusu nusu: kwamba kifaranga akipewa vitamini D angali ndani ya yai, miguu inakuwa imara na hutaona broila wanaolala chini wiki ya nne. Wapo walioanza kununua sindano. Naweka ninavyolielewa, wenye ujuzi waongeze na wakosoe.

Tuanze na yai lenyewe. Kalsiamu iliyomo mwilini mwa kifaranga wa siku moja, takriban asilimia 80, imetoka kwenye ganda. Ganda lina karibu gramu 2 za kalsiamu, na kiinitete (kifaranga anayekua ndani ya yai) huchukua kama miligramu 100 hadi 120 tu. Kazi ya kuinyonya hufanywa na ule utando wenye mishipa ya damu unaoonekana ukimulika yai, uliojibandika chini ya ganda. Unyonyaji hushika kasi kuanzia siku ya 12 hivi, na vitamini D ndiyo inayouendesha. Vitamini K nayo ina sehemu yake, kwa sababu protini ya utando huo inayoshika kalsiamu huihitaji.

Fosforasi, zinki na manganizi ni habari nyingine. Hizo zimo zaidi kwenye kiini, na mama akishataga hakuna nyongeza. Kufikia siku ya 17 zinki, shaba na manganizi za kwenye kiini huwa zimebaki kidogo sana, wakati ndio mifupa inakua kwa kasi. Wazo la kumlisha kiinitete angali ndani ya yai linalenga mapengo ya namna hii. Zehava Uni wa Hebrew University kule Israel na Peter Ferket wa North Carolina State University, Marekani, walipata hataza ya njia hiyo mwaka 2003.

Kwa hiyo milango ni miwili: chakula cha mama, au tundu kwenye ganda siku ya 18. Maoni yangu: kwa asilimia kubwa ya watotoleshaji wa huku kwetu mlango wa kwanza ndio wa kushughulika nao. Karibuni.

---

Kuku Biashara

Mkuu, na kupulizia mayai maji ya vitamini? Kuna jamaa wanachanganya vitamini ya unga kwenye beseni la unyevu ndani ya mashine.

---

Mtotoleshaji wa Pwani

Hapana. Vitamini haipandi na mvuke. Maji yanapanda, vitamini inabaki kwenye beseni pamoja na sukari iliyochanganywa nayo, na joto la 37 likikutana na sukari unapata shamba la bakteria na ukungu ndani ya mashine. Kupulizia juu ya ganda ni hatari vilevile: ganda lina vitundu maelfu, na yai lililolowa likipoa kidogo linavuta maji ndani pamoja na uchafu. Vitamini D yenyewe huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hata ikifika kwenye ganda haina njia ya kupita.

---

Fundi Premiksi

Naongezea upande wa wazazi maana huko ndiko mambo yanakoharibikia.

Chakula cha kuku wazazi wa broila hutakiwa kuwa na vitamini D3 (aina ya vitamini D inayowekwa kwenye chakula) kama 3,000 hadi 3,500 IU (kipimo cha nguvu ya vitamini) kwa kilo. Wanaolisha wazazi chakula cha layers wa mayai ya kula ndio wanaopata vifaranga laini. Kuku mwenyewe atataga vizuri, ganda litakuwa zuri, utaona mambo sawa. Kiwango kinachomtosha mama kutaga ni kidogo kuliko kinachotakiwa ili mtoto wake awe na mfupa mzuri. Utagaji hauwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Hesabu kwa wanaochanganya wenyewe: unga wa D3 unaouzwa viwandani una IU 500,000 kwa gramu. Tani moja ya chakula kwa 3,500 IU kwa kilo ni IU milioni 3.5, yaani gramu 7. Gramu saba kwenye kilo elfu! Ukizitupa moja kwa moja kwenye mchanganyiko, kuku mmoja atakula za wiki nzima na mwingine hatapata kitu. Changanya kwanza na kilo 1 ya pumba laini, kisha kilo 10, kisha 50, ndipo uingize kwenye tani. Kama huna mzani wa kusoma nusu gramu, nunua premiksi (mchanganyiko tayari wa vitamini na madini) ya wazazi iliyokamilika, usiguse vitamini tupu. D3 ikizidi mno inaweka chokaa kwenye figo na mishipa.

Makosa ninayoyaona kwenye stoo za chakula:

- Premiksi yenye kolini kloridi ndani. Kolini hunyonya unyevu na kuua vitamini zingine. Nunua kolini pembeni, uchanganye siku ya kusaga.
- Mfuko uliofunguliwa kukaa chini ya bati la moto miezi mitatu. Nunua kiasi cha kumaliza ndani ya wiki chache, weka juu ya mbao, mbali na ukuta.
- Dagaa wenye mchanga. Unahesabu kalsiamu na fosforasi, kumbe unalisha mchanga wa ziwani. Weka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika moja, uangalie kilichotuama.
- Kuongeza chokaa ukidhani unaongeza mfupa. Chokaa ikizidi kwenye chakula cha kifaranga inazuia fosforasi, nawe unatengeneza matege kwa mkono wako.

Jambo la mwisho: kiini cha yai hukua kwa kasi kama siku 10 kabla ya kutagwa. Ukirekebisha chakula leo, mayai ya wiki hii bado yamebeba chakula cha zamani. Anza kukusanya mayai ya kutotolesha baada ya wiki mbili.

---

Dada Nakuru

Fundi, hiyo ya 25-hydroxy wanayosema ni bora kuliko D3, kwa wazazi inafaa?

---

Fundi Premiksi

Swali zuri, dada. D3 ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa 25-hydroxy, kisha figo huigeuza tena kuwa ile inayofanya kazi. Ukitoa 25-hydroxy unaruka hatua ya ini. Kiwango kinachotumika ni miligramu 69 kwa tani; kwa unga wa asilimia 1.25 ni kama gramu 5.5 kwa tani.

Inafaa sana pale ini lina shida, na kwetu shida kubwa ya ini ni sumukuvu. Mahindi yenye sumukuvu yanaumiza ini na kupunguza ufyonzaji wa mafuta, na vitamini D inasafiri na mafuta. Ndiyo maana unakuta maabara inasema D3 imo ya kutosha kwenye chakula lakini kuku wana dalili za upungufu.

Ila kwa mayai kuna tahadhari. Vitamini D inayopita kutoka kwa mama kwenda kwenye kiini ni D3 zaidi. 25-hydroxy hupita kidogo. Kwa hiyo kwa wazazi usiondoe D3 ukaweka 25-hydroxy peke yake. Ongeza juu ya D3.

---

Hachari Mkuu

Nije kwenye sindano, maana wengi wanaiwaza kama kuchoma kuku chanjo.

Muda. Dirisha ni siku 17.5 hadi 19.2 za kutotolesha, na kazi hufanyika wakati wa kuhamisha mayai kutoka mashine ya kulalia kwenda ya kuangulia. Ukiwahi, sindano inaingia kwenye mfuko wa alantoisi, ule wenye mkojo wa kiinitete, na ulichoweka kinatupwa pamoja na taka. Ukichelewa, kifaranga ameshatoboa chumba cha hewa, maji ya amnioni ameshayanywa, na sindano inamchoma yeye.

Mahali. Shabaha ni maji ya amnioni yanayomzunguka kifaranga. Huyanywa kabla ya kutoboa ganda, na hivyo ndivyo virutubisho vinavyofika kwenye utumbo. Sindano huingia upande butu, katikati, wima, sentimita 2.5. Kwenye chanjo ya Marek, ugonjwa wa virusi unaopooza kuku, tumeona wazi: ikidondoka kwenye chumba cha hewa au alantoisi, kinga inakuwa karibu haipo. Vitamini haiwezi kuwa tofauti.

Kiasi. Mashine za chanjo hutoa mikrolita 50. Wanaolisha wanga, protini au madini huweka zaidi, mililita 0.4 hadi 1. Kwa 25-hydroxy, watafiti wa Mississippi State University wametumia mikrogramu 0.6 hadi 2.4 kwa yai. Mayai 1,000 kwa mikrogramu 2.4 ni miligramu 2.4 ndani ya mililita 50. Kwa kulinganisha, yai la kawaida la kula lina karibu mikrogramu 1 ya vitamini D, kwa hiyo hizi si dozi za kukadiria kwa kijiko.

Kimiminika chenyewe. Kiwe tasa, na chumvi yake iwe karibu na ile ya dripu, asilimia 0.9. Kizito sana kinavuta maji kutoka kwenye tishu, na vifaranga wanakufa bila kutoboa. Vitamini D ya mafuta matupu inaelea, yai la kwanza linapata na la hamsini halipati; inatakiwa ile iliyotengenezwa kuchanganyika na maji. Na vitamini za maji ya kunywa za duka la pembejeo HAZIFAI. Si tasa, zina sukari, rangi na vihifadhi.

---

Kuku Biashara

Hachari, kwa hiyo mwenye mashine ya mayai 500 asijaribu kabisa?

---

Hachari Mkuu

Akitaka kujaribu, afanye jaribio la kweli, si kuchoma trei zote halafu kusema "nimeona mabadiliko".

Mulika, toa yasiyo na mbegu na waliokufa. Gawa makundi matatu yenye mayai sawa ya wazazi walewale: la kwanza lisiguswe, la pili lipate tundu na maji ya dripu tu, la tatu lipate vitamini. Bila kundi la pili hutajua kama vifo vimeletwa na vitamini au na tundu.

Paka spiriti ya asilimia 70 sehemu ya kutoboa, iache ikauke. Toboa ganda kwa sindano nene, kisha ingiza dawa kwa sindano nyingine, geji 22 au 23. Sindano iliyotoboa ganda imebeba uchafu wa juu, usiiingize ndani. Kimiminika kiwe na joto la kama 30. Ziba tundu kwa nta. Mayai yasikae nje zaidi ya dakika 20, na chumba kiwe na joto, feni zimezimwa.

Yai bovu likipasuka karibu, acha kazi, safisha kila kitu, badilisha sindano. Ukungu wa Aspergillus na bakteria wa Pseudomonas hawahitaji zaidi ya tundu moja. Vifaranga wanaanguliwa vizuri, siku ya tano wanahema kwa mdomo wazi.

Baada ya kuangua hesabu kwa kila kundi: walioanguliwa, waliokufa wametoboa, waliokufa hawajatoboa. Kundi lenye tundu likishuka kuliko lisiloguswa, mkono wako ndio tatizo.

---

Daktari wa Mifugo Moro

Hachari kasema vizuri. Naongeza la chanjo, kwa kuwa kuna mtu lazima atawaza kuchanganya vitamini kwenye chupa ya Marek ili achome mara moja.

Chanjo nyingi za Marek hubebwa ndani ya seli hai, zinahifadhiwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Seli zikipasuka, chanjo imekufa. Vitamini C ni tindikali, inashusha pH. Vimiminika vizito vinapasua seli. Usichanganye chochote ambacho mtengenezaji wa chanjo hajakiruhusu kwa maandishi. Ukiokoa miguu ukaleta Marek, kuku watapooza miguu hiyohiyo.

Sasa utafiti unasema nini kuhusu mifupa. Kundi la Uni lilichapisha mwaka 2015 kwamba madini pamoja na vitamini D3 ndani ya yai yaliboresha sifa za mifupa kwa vifaranga na hata kwa broila waliokomaa. Zingatia neno "pamoja na madini". Vitamini D ni fundi, madini ni matofali. Kwa 25-hydroxy peke yake, faida walizoripoti watu wa Mississippi ziko zaidi kwenye nyama ya kifua na utumbo. Vitamini C inasaidia upande wa kolajeni, ule utando ambao madini yanajishikiza, na kuku hujitengenezea mwenyewe, kwa hiyo nyongeza huonekana zaidi pale kuna msongo.

---

Mtotoleshaji wa Pwani

Daktari, tusaidie na kutambua. Kila mguu mbovu watu wanaita "upungufu wa vitamini".

---

Daktari wa Mifugo Moro

Anza na mayai yaliyogoma. Pasua angalau 20 kila mzunguko. Upungufu wa vitamini D huua siku ya 18 au 19, mdomo wa juu mfupi, mifupa laini. Manganizi ikipungua: miguu na mabawa mafupi, kichwa cha mviringo, mdomo kama wa kasuku. Riboflavini ikipungua: manyoya yamejikunja mafundo, na walioanguliwa wana vidole vilivyokunjika. Hizo zote ni barua kutoka kwa mama, huwezi kuzijibu kwa vitamini ya maji ya kunywa.

Wakishakuwa bandani, angalia umri.

Siku 7 hadi 14, hawataki kutembea, mdomo unapinda kama mpira: matege. Chukua tibia, mfupa wa paja la chini, jaribu kuuvunja. Mfupa mzima hukatika kwa sauti, wa matege hupinda. Chana kwa kisu kikali kwa urefu upande wa juu, karibu na goti: utaona ukanda wa gegedu mpana kuliko kawaida.

Wiki ya 3 hadi 5, mfupa umepinda, ukichana unakuta bonge jeupe la gegedu limekaa kama kizibo chini ya sahani ya ukuaji: hiyo ni dishondroplasia ya tibia. Ukuaji wa kasi, uwiano mbaya wa kalsiamu na fosforasi, na sumu fulani za ukungu wa Fusarium huichangia.

Wiki ya 4 na kuendelea, anachechemea, anajiegemeza kwa bawa. Chomoa paja kwenye nyonga: kichwa cha mfupa kinabaki ndani, ulichoshika kimeliwa na kina usaha. Hayo ni maambukizi ya bakteria kwenye mfupa. Vitamini haimponyi huyo. Mfupa dhaifu huwapa bakteria nyufa za kuingilia, kwa hiyo kinga ni mapema.

Na kifaranga wa siku moja aliyetanua miguu kama anaogelea, mara nyingi ni trei ya plastiki inayoteleza. Tandika kitambaa cha kukwaruza, kesi imekwisha.

---

Seta 4800

Mnazungumza vitamini, hakuna aliyegusa joto! Mfupa wa kifaranga unaharibika kwa joto kuliko kwa chochote kingine kinachofanyika ndani ya hatchery.

Joto la ganda liwe 37.8. Joto la ganda, si la hewa. Kuanzia kama siku ya 13 kiinitete kinazalisha joto lake, kwa hiyo hewa ikiwa 37.8 siku ya 18, ganda limeshapita 38.5. Vifaranga wa namna hiyo wanatoka na miguu mifupi, kitovu kibaya, na magoti mekundu. Ukiona goti jekundu kwenye boksi, usitafute sindano, tafuta feni.

Pima kwa kipima joto cha sikio cha infraredi, kielekeze katikati ya yai ubavuni, si kwenye chumba cha hewa ambako utasoma chini. Pima mayai 10: juu, katikati, chini, mbele na nyuma ya mashine. Tofauti ikizidi nusu nyuzi, hewa haizunguki. Siku tatu za mwisho mashine nyingi ndogo zinahitaji hewa ya kama 36.5 hadi 37.

Umeme ukikatika siku ya 18 na kuendelea, wengi wanafunika mashine blanketi. Mayai ya wiki ya kwanza, sawa. Mayai ya mwisho, fungua matundu, maana yanajipika yenyewe.

---

Fundi Premiksi

Seta amenikumbusha sumu moja. Mahindi ya mbegu yaliyobaki, yale yenye rangi ya waridi au kijani, yanauzwa bei ya kutupa na watu wanasaga chakula. Baadhi yamepakwa thiramu, dawa ya ukungu. Thiramu ndiyo watafiti wanaitumia maabara wakitaka kumsababishia kuku dishondroplasia kwa makusudi! Wazazi wakila, mayai yanatoka bila ganda au na ganda laini. Kuosha hakutoshi. Usiyanunue.

---

Dada Nakuru

Na sisi tunaonunua vifaranga tu, hatuna wazazi wala mashine, tufanye nini?

---

Daktari wa Mifugo Moro

Dada, muulize anayekuuzia umri wa wazazi na chakula wanachokula. Kundi changa, wiki 25 hadi 30, hutaga mayai madogo yenye kiini kidogo, kwa hiyo akiba ya kifaranga ni ndogo. Si vifaranga wabaya, wanataka uangalizi zaidi.

Wapate chakula na maji mara tu wanapofika. Starter, chakula cha kwanza cha vifaranga, iwe na kalsiamu asilimia 0.90 hadi 0.96, fosforasi inayofyonzwa 0.45 hadi 0.48, yaani mbili kwa moja, na D3 kama 5,000 IU kwa kilo. Fosforasi ya kwenye pumba na mashudu imefungwa, kuku haipati bila kimeng'enya cha fitezi, kwa hiyo usiihesabu yote. Wenye D3 hiyo kwenye chakula wasirundike tena vitamini kwenye maji kila siku. Siku tatu za kwanza zinatosha.

Siku ya 7 chukua wawili waliokufa au dhaifu, vunja tibia. Ikipinda, wasiliana na anayekutengenezea chakula siku hiyohiyo, na uweke sampuli ya nusu kilo ya mfuko uleule kwenye friji, ikiwa na tarehe na namba ya toleo. Bila sampuli hutakuwa na cha kupeleka maabara.

---

Kuku Biashara

Namba ya toleo iko wapi kwenye mfuko? Mingi naona tarehe tu.

---

Fundi Premiksi

Angalia kikaratasi kilichoshonwa kwenye uzi wa mdomo wa mfuko. Watu wanakikata na kukitupa wakifungua. Kifunge kwenye ubao wa banda mpaka kuku wauzwe.

---